Baiskeli ya kwanza ya mtumba: ninayowaambia wanaoanza

Kila mwaka masika yakishapungua, hunijia vijana wawili watatu wakiniomba niwasindikize kununua baiskeli. Nami huenda nao kwa furaha. Tanga ni mji wa baiskeli: ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba, na mtu mwenye afya anatoka Makorora mpaka Raskazone bila kushuka kwenye tandiko. Lakini kabla hatujafika kwa muuzaji huwa nawaambia jambo moja. Baiskeli hainunuliwi kwa macho. Nunua ile ambayo vipuri vyake unavipata hapahapa mjini, na ambayo mikono yako mwenyewe inaweza kuifungua na kuifunga.

Mimi nilifundishwa na tairi. Baiskeli yangu ya kwanza ukubwani ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, ile yenye kikapu mbele na keria imara nyuma. Miezi mitatu haikupita, tairi la nyuma likaisha. Nilisoma namba 26 ubavuni, nikaenda dukani nikaomba tairi la 26, nikalipa. Nyumbani halikuingia. Nilivutana nalo saa nzima, nikalipeleka kwa kijana mmoja kijiweni naye akavutana nalo, mpaka waya wa ukingoni ukakatika. Mzee fundi aliyekuwa ameketi kando akinywa kahawa akaliangalia mara moja tu. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni ishirini na sita ya milima. Wewe unayo ishirini na sita ya Kijapani."

Nisikilizeni hapa kwa makini, maana ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Namba za inchi kwenye matairi hazitoshi kukuongoza. Tafuta ubavuni namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokalia, na hiyo ndiyo ya kushika kichwani. Tairi la Kijapani la 26 × 1 3/8 ni 590. Tairi la baiskeli ya milima la 26 × 1.95 ni 559. Yote mawili huitwa ishirini na sita, lakini yamepishana milimita 31, na hakuna nguvu ya mkono wala bisibisi itakayolivalisha dogo kwenye rimu kubwa.

Za inchi 28 nazo zina mtego wake. Phoenix na jamaa zake, zile zenye breki za vyuma ambazo wazee wetu wamebebea nazi, mkaa na wagonjwa, rimu yake ni 635. Baiskeli za mbio zinazoandikwa 700C ni 622, na huko Ulaya nazo huandikwa 28. Za milima za siku hizi zinazoitwa 29 ni 622 hiyohiyo, ila tairi ni nene zaidi. Zile za 27.5 ni 584. Sasa mtu akichukua tairi la 635 akaliweka kwenye rimu ya 622, litaingia kirahisi mpaka afurahi, na urahisi huo ndio hatari yenyewe. Limelegea. Ukijaza upepo ukapanda, ukingo unachomoka, tyubu inatoka nje na kupasuka ukiwa katikati ya barabara.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata senti, iandike namba iliyo baada ya kistari kwenye karatasi, uzunguke maduka mawili matatu ya vipuri ukiuliza. Wakikosa, iache baiskeli hiyo hata kama inang'aa. Nimewaona watu waliotundika baiskeli nzuri sana ukutani kwa kukosa tairi la rimu isiyozoeleka.

Namba ikikubali, ndipo uikague. Inyanyue nyuma uzungushe gurudumu, ukitazama nafasi kati ya rimu na raba za breki. Rimu ikiyumba kidogo, fundi atainyoosha kwa kukaza na kulegeza njiti, yaani spoku. Ikiwa imebonyea mahali, kama iliyogonga shimo, hesabu bei ya rimu nyingine. Shika tairi ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, gololi za ndani zimelegea au zimekwisha. Pitisha kidole mahali mabomba ya fremu yanapoungana, hasa chini ya usukani na chini karibu na pedali. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba inaweza kuwa ufa wa chuma, na fremu yenye ufa siinunui kwa bei yoyote. Kisha jaribu kupandisha na kushusha tandiko. Wengi hulisahau hili. Baiskeli iliyokaa miaka na miaka bila kuguswa, bomba la tandiko hushikana na fremu kwa kutu, na wewe mrefu utaendesha magoti yakigonga kifua mpaka uchoke. Likishuka vizuri, litoe lote siku hiyohiyo, ulipake grisi, ulirudishe.

Breki zijaribu ukiwa umesimama, kabla hujapanda. Baiskeli za Japani, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Nyingi za Marekani na bara la Ulaya iko kushoto. Ukizoea moja ukapanda nyingine, siku ya dharura mkono utabana kile ulichokizoea, gurudumu la mbele lisimame ghafla na wewe uruke juu ya usukani. Baadhi ya zile za Uholanzi na Ujerumani hazina hata waya wa breki ya nyuma: unakanyaga pedali kinyumenyume na gurudumu linashika. Ni breki nzuri, haiharibiwi na mvua wala vumbi kwa kuwa imefunikwa ndani, lakini asiyejua hudhani baiskeli ni mbovu.

Akina dada na akina mama huniuliza kuhusu fremu. Ile ya Kijapani yenye bomba lililoinama, na mfuniko wa cheni, ndiyo nawashauri, na hata kwa wanaume siioni kuwa na aibu. Baibui au kanga haikamatwi na cheni, na kushuka ghafla ni rahisi. Ongezeni wavu wa kufunika njiti za nyuma kama unapakiza mtoto, kwa sababu mguu wa mtoto ukiingia kwenye njiti ni jeraha ambalo sipendi kulikumbuka.

Haya, umeinunua. Theluthi moja ya pesa uliyotenga iwe bado mfukoni, kwa kuwa mtumba hauanzi kazi bila raba mpya za breki, waya mpya na cheni iliyosafishwa.

Cheni ina kipimo, si ya kukisiwa. Chukua tepu ya chuma ya seremala yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itasoma inchi 12 kamili. Ikisoma 12 na moja ya kumi na sita, nunua nyingine sasa. Ikifika 12 na moja ya nane umechelewa: meno ya gia za nyuma nayo yameshaliwa, na ukifunga cheni mpya juu yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Cheni ni rahisi kuliko seti ya gia, kwa hiyo hiyo tepu inakulipa.

Sisi wa pwani tuna adui wawili, chumvi ya hewa na mchanga. Watu huona cheni imekauka, wakaimwagia oili chafu ya gari mpaka inachuruzika. Oili ile nzito inakamata mchanga, mchanga unageuka msasa, na kila mzunguko wa pedali unasaga chuma. Safisha kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, mbali na jiko, acha ikauke kabisa. Kisha tone moja la oili nyepesi, hata ya cherehani, kwenye kila kiungo. Zungusha pedali dakika mbili, halafu ifute kwa nje mpaka kidole kisichafuke sana. Oili inatakiwa ndani ya viungo; iliyobaki nje inakaribisha uchafu. Ukitoka ufukweni, ifute baiskeli kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi jioni ileile.

Pancha utapata, na aghalabu zitakuwa za mbigili. Kuziba tyubu wengi wanajua: msasa, solusheni, subiri isiwe na ubichi wa kung'aa, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Kosa liko kabla ya hapo. Mtu anaziba tundu, anarudisha tyubu, anajaza upepo, na baada ya mita mia tatu imeisha tena, kwa sababu mwiba bado umekaa ndani ya tairi. Mimi hufunga tairi maandishi yake yakiwa yameelekeana na valvu, kila mara. Nikipata pancha, natoa tyubu, najaza, natafuta tundu kwenye karai la maji, kisha napima umbali wake kutoka kwenye valvu. Umbali huohuo kwenye tairi, upande huu au ule wa maandishi, mwiba utakuwepo. Upapase kwa ndani taratibu, usikimbilie, maana kipande cha chupa kinakata kidole. Na kama valvu yako ni ile ya kizamani yenye kipira chembamba, kikague kwanza kabla ya kulaumu tyubu. Kipira kikichoka kinavujisha upepo usiku kucha, na asubuhi unadhani umetobolewa.

Jambo dogo ambalo limeharibu mikono mingi ya krenki, yaani vyuma vinavyobeba pedali: pedali ya kushoto ina nyuzi (mikato ya skrubu) za kinyume. Kuifungua, zungusha spana kwa mwendo wa saa. Ya kulia hufunguka kama bolti nyingine. Ukilazimisha, nyuzi zinaliwa na mkono wa krenki unakwisha.

Tandiko: kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama. Ukianza kuendesha kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo pazuri. Wengi mnaolalamika magoti mnakaa chini mno.

Safari ndefu zianze polepole. Mapango ya Amboni ni kilomita 8 hivi kutoka mjini, yanatosha kwa wiki za mwanzo. Baadaye Muheza, karibu kilomita 40, ambako utakula machungwa huku ukipumzika. Barabara ile ina malori na mabasi, kwa hiyo taa nyekundu nyuma iwepo hata mchana wa mvua, na nguo isiwe ya rangi ya lami. Amani, kule milimani Usambara, iacheni mpaka mjue breki zenu. Kupanda kule kunachosha, lakini anayeumia huumia akishuka. Msikae mmebana breki moja mteremko mzima. Bana zote mbili kwa vipindi, achia, bana tena, rimu ipate kupoa. Mvua ikinyesha, mzunguko wa kwanza wa gurudumu unafuta maji tu kwenye rimu, kushika kunakuja baadaye, basi anza kubana mapema kabla ya kona.

Jumapili huwa natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Muheza, kabla jua halijakaza, na kiti changu cha kusubiri ni kijiwe cha mzee yule wa kahawa. Anayetaka kuja aje na chupa mbili za maji, pampu, viraka, spana ya 15, na tyubu moja ya akiba. Tukianza tu nitamuuliza namba ya rimu yake, ile iliyo baada ya kistari.