Baiskeli ndiyo, karamu ya usiku hapana

Swali ni kama klabu inaweza kuendesha baiskeli na kufanya karamu ya usiku katika mbuga ya Hell's Gate wikendi ya Halloween (sherehe ya mavazi ya kutisha ya Oktoba 31). Wanachama wanaruhusiwa kuendesha baiskeli humo, kwa kuwa ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mgeni hashurutishwi kukaa garini, ingawa nyati wapo na hawachezewi. Ila wageni wa kutwa hutakiwa kutoka saa kumi na mbili jioni, hivyo mavazi ya mizimu na muziki yasubiri hotelini kando ya Ziwa Naivasha. Zaidi ya hayo, Oktoba 31 huangukia msimu wa mvua za vuli, na korongo la Ol Njorowa lililo ndani ya mbuga hufurika ghafla hata mvua ikinyesha mbali. Mwaka 2019 watalii walisombwa humo wakafa, kwa hiyo ulizeni askari wa mbuga kabla ya kushuka.