Turne ya bia baada ya mechi: kwa nini asiye na feza ndiye analewa zaidi?

Swali: Dokta, mimi ni kapiteni wa ekipe ya mtaa huku Katuba, Lubumbashi. Jumapili mechi ikiisha tunaenda nganda, baa yetu ya mtaani. Wawili wetu wana kazi nzuri migodini, hao wanaagiza bia ya Simba. Vijana wanaobeba saruji wanakunywa ya turne, yaani ile mmoja analipia wote, kisha wanaongeza lutuku, pombe kali ya kienyeji, pembeni. Wanaoanguka ni hao kila mara, na chupa zao ni chache. Ni miili yao? Niwakataze?

Jibu: Si miili, kapiteni. Chupa ya 72 cl yenye alkoholi 5% ina karibu gramu 29 za alkoholi tupu. Lutuku haina etiketi, kila mpikaji na nguvu yake. Ikifika 40%, glasi ndogo ya 10 cl ina gramu 32. Kwa hiyo kijana wa chupa moja na glasi mbili amekwisha kumpita bosi wa chupa tatu, na hakuna aliyemhesabia. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halijui mshahara wa mtu.

Tumbo ndilo linalojua. Chakula huchelewesha pombe kuingia damuni. Wa migodini alikula bukari (ugali) na samaki. Huyu mwingine amekimbia dakika 90 na chai ya asubuhi. Hata Ulaya watafiti wameona kwamba kwa kiasi kilekile cha pombe, wenye kipato kidogo hudhurika zaidi.

Halafu kuna misuli. Utafiti wa Australia wa 2014 uliwapa wanaume gramu 1.5 za alkoholi kwa kila kilo ya mwili baada ya mazoezi: ujenzi wa misuli ulishuka kwa 24%, hata walipopewa protini. Kwa mtu wa kilo 65 hizo ni gramu 98, karibu sawa na hesabu ya kijana wako. Na Jumatatu ni yeye anayerudi kwenye saruji. Mwenzake anakaa kwenye kiti.

Kukataza, mimi sikubali. Nganda ndipo mtu anasikia wapi wanatafuta fundi. Ukiifunga, bosi atakunywa kwingine na kijana atakosa kazi. Ubaya uko kwenye turne yenyewe: anayelipa hujiona na haki ya kupanga nani aanze, anayelipiwa haoni njia ya kukataa chupa. Feza ziingie kasani, mfuko wa pamoja, kabla ya mechi, kila mtu kadiri yake, na mtunza kasa asitaje majina. Kasa inunue kwanza bukari na maji, kisha turne moja, na anayetaka sukre (soda) asiulizwe kama ni mgonjwa.

Kitu kimoja tu ukatae kabisa: lutuku ya Jumamosi usiku. Glasi nne ni gramu 128. Aliyezimaliza saa sita usiku anaweza kuingia uwanjani saa tisa alasiri bado ana pombe damuni, hata kama anatembea sawa. Huyo mweke benchi, hata akiwa ndiye kipa.