Barua kwa mwanangu: mbuzi wa kaya

Mwanangu,

Simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza kama wazee wetu wa kaya, ile misitu mitakatifu yetu sisi Wamijikenda, walikuwa na sheria, au ilikuwa dini tu, maana huko darasani mnafundishwa kuzitenga.

Nianze na mbuzi. Mtu akikata mti ndani ya kaya, wazee humtoza mbuzi au kuku. Sasa niambie wewe mwanasheria: hiyo ni faini au ni kafara? Anatozwa kwa kuvunja mwiko, na mnyama huyohuyo ndiye anayechinjwa kuwatuliza koma, yaani mizimu ya wahenga wetu. (Nyama huliwa, usidhani inatupwa.)

Kesi isiyo na shahidi, tuseme ya wizi au uchawi, ilipelekwa kwenye kiraho, yaani kiapo cha kumpima mshukiwa. Kulikuwa na cha kula papai lililotiwa dawa, kulikuwa na cha kuguswa na shoka la moto. Wazee walisimamia tu, hukumu wakaiacha kwa Mulungu na koma. Askari wa nini hapo? Mwenye hatia alijua akila kiapo cha uongo atarudi nacho nyumbani, kwa watoto wake. Wengine waliungama hata kiraho hakijaandaliwa.

Waingereza walilielewa hilo vizuri sana. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama aliyeongoza upinzani, aliwakusanya Wagiriama wenzake Kaya Fungo, wakaapa kutoshirikiana na serikali iliyodai kodi na vibarua: wanawake kwa kiapo cha mukushekushe, wanaume kwa kiapo kiitwacho fisi. Agosti 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti. Baruti yote hiyo kwa kijisitu? Walijua amri zetu zinatoka pale.

Ila usidhani nasifu kila kitu. Kwamba papai halikosei, mimi siamini. Na imani hiyohiyo ndiyo inayotumika leo hapa Kilifi kuwaua wazee wenye mvi kwa kusingiziwa uchawi, kumbe mara nyingi kinachotafutwa ni shamba. Zamani mshukiwa angalau alipelekwa mbele ya wazee akasikilizwa. Siku hizi anafuatwa usiku na panga.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inaruhusu usuluhishi wa kimila, mradi usivunje haki za watu. Mbuzi wetu anapita hapo bila shida. Shoka la moto halipiti, na mimi silililii.

Ukija likizo twende kayani, uwaulize wazee wenyewe. Viatu utaviacha nje.

Baba yako