Ndege wa Mallorca wakati wa joto: tazama saa kwanza, ramani baadaye

Vitabu vingi vya watazamaji ndege vinakushauri uende Mallorca, kisiwa cha Hispania katika bahari ya Mediterania, Aprili au Mei. Ushauri ni mzuri, ila likizo ndefu ya shule haiji Aprili, na wengi wetu tunaoishi Ulaya hufika kisiwani Julai au Agosti, na watoto na ndoo zao za mchanga. Wanaorudi wakilalamika kwamba hawakuona kitu, mara nyingi walikwenda pale pale panapopaswa, lakini saa tano asubuhi.

Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kwenye saa 12:20 asubuhi na kuzama saa 3:20 usiku. Katikati ya Agosti ni saa 1 asubuhi hadi saa 2:45 usiku. (Saa zote hapa ni za Kiswahili, kwenye vibao vya huko utakuta tofauti ya saa sita.) Saa mbili na nusu za kwanza za mwanga ndizo za kazi, kisha mbili za mwisho. Kuanzia saa nne asubuhi ndege wengi wako kivulini na wewe ungekuwa umelala au unaogelea.

Tena kuna mazigazi. Ardhi ikishika moto, hewa iliyo karibu nayo inakuwa nyepesi kuliko ya juu yake, mwanga unapinda, na ndege aliye mita 200 anacheza kama yuko chini ya maji. Hakuna darubini ya bei yoyote inayotibu hilo. Darubini ya stendi ya 20–60x ibaki kwenye 20 hadi 30, maana ukiikuza unakuza na mtikisiko. Tazama juu ya maji badala ya juu ya ardhi kavu, na ukipata kimwinuko, panda. Kosa jingine ambalo watu hawaligundui ni kutazama kutoka ndani ya gari lenye kiyoyozi: hewa baridi ya ndani inakutana na ya moto pale pale dirishani, na kila kitu kinakuwa ukungu. Wanadhani lenzi imeharibika. Zima kiyoyozi, fungua madirisha yote, subiri dakika kumi. Kwa darubini ya mkono, 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ni ya milimita 42) inatosha. 10x inachosha mkono na haikuongezei kitu kwenye joto.

Kwa walio kaskazini, Port de Pollença au Alcúdia (kama saa moja kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Palma), kinamasi cha s'Albufera ndicho cha kwanza. Ni hifadhi tangu 1988, zaidi ya hekta 1,600 za matete na mifereji. Mifereji hiyo ni kumbukumbu ya kampuni ya Kiingereza iliyojaribu kukikausha katika karne ya 19 ili kulima, ikashindwa. Ndiyo maana lango liko kwenye daraja linaloitwa Pont dels Anglesos, Daraja la Waingereza. Gari linabaki nje. Unatembea kama kilomita moja hadi Sa Roca, kituo cha wageni, kuchukua kibali, kisha unaendelea kwenye vibanda vya maficho. Shida ni kwamba lango hufunguliwa saa tatu asubuhi, na alfajiri imeshakupita. Kwa hiyo anza na s'Albufereta, kinamasi kidogo kilicho kati ya Port de Pollença na Alcúdia, ukitazama kutoka pembeni, halafu uingie s'Albufera mara inapofunguliwa. Paka dawa ya mbu kabla ya kuteremka, si baada.

Julai na Agosti mabata hubadilisha manyoya, na hapo ndipo wageni wanapoandika orodha za uongo. Dume la Netta rufina, bata ambaye majira ya kuchipua ana kichwa cha rangi ya chungwa kisichofichika, sasa amevaa kahawia kama jike. Mtazame mdomo: wa dume unabaki mwekundu. (Majina ya kisayansi tunayatumia makusudi, yako kwenye kila kitabu cha ndege, cha lugha yoyote.) Kibandani kaa dakika arobaini, si tano. Kulastara na ndege wadogo wa matete hutoka mtu akitulia, na watazamaji wengi huondoka dakika mbili kabla ndege hawajatoka.

Kusini kuna Salobrar de Campos, mabwawa ya chumvi nyuma ya ufukwe wa Es Trenc. Huku ndiko Agosti inakoushinda Mei. Vitwitwi wanaorudi kutoka nchi za kaskazini hushuka hapa, waliokomaa kwanza, kuanzia Julai, wakiwa na manyoya yaliyochakaa na mabaka mekundu ya msimu wa kuzaa. Makinda huanza kuja katikati ya Agosti, wasafi, mgongo kama magamba ya samaki. Ukijua hilo tu, nusu ya utata wa Calidris, kundi la vitwitwi wanaofanana sana, unaisha. Heroe huonekana pia. Mabwawa ni mali ya watu na chumvi inavunwa, kwa hiyo tazama ukiwa barabarani na kwenye njia za wazi, jua likiwa mgongoni. Ukifika saa tatu, magari ya waendao pwani yameshajaza pembezoni mwa barabara.

Kwenye mchanga ulio karibu na mabwawa na fukwe, angalia unapokanyaga hadi mwisho wa Julai. Charadrius alexandrinus, ndege mdogo wa ufukweni, hutaga mayai matatu kwenye kishimo kidogo kisicho na kiota, rangi ya mchanga wenyewe. Akianza kukimbia mbele yako akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, hajaumia. Mayai au makinda yako karibu na mguu wako. Usimfuate na usichutame kupiga picha. Rudi kwa nyayo zako zile zile, maana yai lililoachwa juani haliwezi kusubiri.

Lakini sababu hasa ya kuja wakati wa joto ni kozi wa Eleonora, Falco eleonorae. Jina lake linatokana na Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14 ambaye sheria zake ziliwalinda kozi na vipanga. Ndege huyu amegeuza kalenda: hutaga mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, wenzake wakiwa wameshamaliza, ili makinda yawe na njaa kubwa zaidi Septemba, wakati ndege wadogo wa Ulaya wanapovuka bahari kuelekea Afrika.

Kwa hiyo anatafutwa sehemu mbili tofauti kufuatana na mwezi. Kuanzia Mei hadi Julai yuko juu ya s'Albufera akiwinda kereng'ende, mara nyingi jioni. Mfuate mmoja tu kwa darubini usimwache: anakata kona, anarusha mguu mbele, kisha anainamisha kichwa na kula akiwa bado anaruka, na jua likiwa nyuma yake utaona mabawa ya kereng'ende yakidondoka kama karatasi. Agosti ikiisha anawinda zaidi kwenye magenge ya bahari anakozalia, na hapo asubuhi na mapema ndiyo bora. Wanajipanga hewani wakiukabili upepo, karibu wamesimama, wakingoja abiria waliochoka kutoka baharini.

Anachanganywa na kozi wa kawaida wa magenge, Falco peregrinus. Huyo ni mnene, mkia mfupi, bawa pana penye bega. Eleonora ana mabawa marefu membamba na mkia mrefu, na chini ya bawa sehemu ya mbele ni nyeusi kuliko ya nyuma. Wengine, kama mmoja kati ya wanne, ni weusi mwili mzima. Hao hawana ubishi.

Rasi ya Formentor ni mahali pazuri kumwona, ila miaka ya karibuni barabara yake hufungwa kwa magari binafsi mchana wa majira ya joto, na kamera husoma namba. Saa za kufunga hubadilika, zitazame kabla ya kuondoka. Ama uingie alfajiri na utoke mapema, ama upande basi. Sisi tunaona kisiwa cha Sa Dragonera ni bora: boti kutoka Sant Elm, safari fupi, magari hakuna kabisa. Mwaka 1977 wanaharakati walikivamia na kukikalia kuzuia kisigeuzwe majumba ya kifahari, na leo ni hifadhi. Beba maji yako yote, lita mbili kwa mtu ni chini kabisa. Oktoba na Novemba kozi hawa huondoka kwenda Madagaska, na baadhi hupita juu ya Tanzania na Kenya, hivyo msomaji wa Lindi naye asichoke kutazama juu.

Bonde la Bóquer, nyuma ya Port de Pollença, ni la Curruca balearica, ndege mdogo wa kijivu anayepatikana visiwa vya Baleari tu, yaani Mallorca na jirani zake, ila kisiwa cha Menorca hayupo. Julai haimbi tena. Tafuta vichaka vya kufika gotini, saa moja ya kwanza ya mwanga, mkia mrefu ulionyanyuka na miguu ya chungwa. Aliye na kichwa cheusi na kelele nyingi siye. Kumwita kwa sauti za simu ni kumsumbua akiwa na makinda, na hatusaidii kwa hilo.

Mchana, kama lazima utoke, panda bwawa la Cúber milimani, takriban mita 750. Tumbusi wanahitaji hewa ya moto ili wapae, kwa hiyo saa nne hadi saa saba ndiyo saa yao. Aegypius monachus ni mweusi wote, mabawa bapa kama ubao. Walibaki kama 20 mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya sumu. Mwenye rangi mbili chini ya bawa anayeyainua kama herufi V ni Gyps fulvus, aliyeletwa na upepo kutoka bara mwaka 2008 akaamua kubaki. Maegesho hujaa mapema sana.

Jioni nenda Cap de ses Salines, ncha ya kusini, upepo ukitoka baharini. Calonectris diomedea, ndege wa baharini, hukusanyika mbele ya ufuko jua likikaribia kuzama: hupiga mabawa mara chache, kisha huteleza mbali karibu wayaguse maji. Yule mdogo wa kahawia anayepiga mabawa haraka, Puffinus mauretanicus, wengi wao wameshaondoka kwenda Atlantiki tangu Juni, usimngoje sana. Chumvi itakuwa imekaa kwenye lenzi. Ipulize kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu, maana ukisugua kavu umeikwaruza. Na uwe na tochi. Mawe ya pale ni makali, na gari liko mbali kuliko lilivyoonekana mchana.