Gari inatetemeka nikifunga breki, na pedi ni mpya

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina IST, nakaa Mbezi mwisho nafanya kazi Posta. Asubuhi nikiwa nashuka pale Kimara kuja Ubungo, nikiwa kwenye 80 nikikanyaga breki steringi inatetemeka mpaka mikono inacheza, nisipokanyaga imetulia kabisa. Fundi wa kwanza kabadilisha pedi, ikakaa kama wiki tatu ikarudi. Wa pili kasema wili alaimenti, nimefanya, iko vilevile. Sasa wa tatu anataka ninunue boljointi na shokapu zote za mbele na hela imeniishia. Nianzie wapi? (Dada wa Mbezi)

JIBU: Pole sana dada yangu, na tafadhali usinunue kitu chochote kwanza. Nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe uliposema bila breki imetulia. Ingekuwa tairi haijabalansiwa au rimu imepinda, gari ingetetemeka kwenye mwendo hata kama breki hujaigusa, na alaimenti ikiharibika gari inavuta upande mmoja au inakula tairi. Halafu kwa kuwa unaisikia kwenye steringi, basi tatizo liko mbele, la nyuma mara nyingi linasikika kwenye kiti.

Kwa hiyo twende kwenye diski, lile sahani la chuma linalobanwa na pedi. Watu wanasema diski imepinda lakini mara nyingi haijapinda, imeliwa vibaya, sehemu moja nene na sehemu nyingine nyembamba, na tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha, yani jicho halioni kabisa ila pedi inabana inaachia inabana inaachia kila tairi likizunguka, na ule mdundo ndo unapanda mpaka mikononi mwako. Pedi mpya zilituliza kidogo kwa sababu zilikuwa hazijakaa vizuri kwenye diski, zilipokaa ugonjwa ukarudi.

Sasa kwa nini diski iliwe hivyo, hapa ndo mafundi wengi wanaparuka. Yaliwahi kunikuta mimi, nikaweka diski mpya mbili, miezi minne tu mtetemeko ule ule. Tulipofungua tena nikaona kwenye habu, pale diski na tairi zinapofungiwa, kuna kutu imeota kama magamba, kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimebanwa katikati ya habu na diski. Diski mpya ilikuwa imekalia hicho kipande, kwa hiyo kila ikizunguka inayumba kidogo na inagusa pedi hata kama hujakanyaga breki, na kilomita zinavyoenda inaliwa pale pale inapogusa. Tukasugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka ikawa nyeupe, diski zikachongwa, na haijarudi tena.

Kingine ni nati za tairi. Ukienda kuziba pancha wanakukazia na mashine ya upepo, moja inakazwa mpaka inalia, nyingine nusu nusu, diski inavutwa upande. Kwa Toyota ndogo kama yako nati zinakazwa Nm 103, zote sawa, kwa kukatisha msalaba na sio kuzunguka kwa mpangilio. Mwombe fundi atumie toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, akikosa basi akaze kwa mkono na spana ya tairi, taratibu, kwa awamu mbili au tatu.

Ukifika gereji mwambie hivi: atoe tairi za mbele, apime unene wa diski, kiwango cha mwisho kimeandikwa kwenye diski yenyewe, kisha apime kuyumba kwa dayali geji, kile kisaa chenye mshale, ikizidi milimita 0.05 kuna kazi. Kama unene bado upo zichongwe, kama umeisha nunua mbili, usibadilishe upande mmoja. Pini za kalipa, kile kibano kinachoshika pedi, zitolewe zisafishwe zipakwe grisi ya breki, zikiganda pedi haiachii na diski inaungua. Na huyo wa boljointi akuonyeshe kwa macho, gari iwe kwenye jeki, ashike tairi juu na chini alitikise, kama lina mchezo utauona. Shokapu ziache kwanza.

Diski zikishawekwa, zizoeshe na pedi: kwenye barabara tulivu funga breki toka spidi 60 mpaka 20 mara nane hivi bila kusimama kabisa, halafu tembea ipoe. Na pale Kimara weka gia ya chini uachie injini ikusaidie kushika gari, na ukifika tu usiipeleke ikamwagiwe maji diski zikiwa za moto.

SWALI: Mvua ikinyesha nikikanyaga breki ghafla pedeli inanidunda mguuni na kuna mlio krrr. Nayo ni diski? (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Hapana kaka, kama ni kwenye utelezi na kwa breki ya ghafla tu, hiyo ni ABS inafanya kazi, inabana na kuachia haraka haraka ili tairi zisiburuze na wewe uweze kukata kona. Kosa ni kushtuka ukaondoa mguu. Endelea kukandamiza pedeli mpaka gari isimame, na kama taa ya ABS imewaka kwenye dashibodi na haizimi, hapo sasa ipeleke ikapimwe.