Cheti kiko ukutani, mwenye cheti yuko wapi? Majibu kwa wasomaji kuhusu maduka ya dawa

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu maduka ya dawa na watu wanaotuhudumia humo. Majibu yetu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za afya na vyombo vyake vya kuzisimamia.

*Jirani na kwangu kuna famasi. Ukutani kimetundikwa cheti chenye picha ya mfamasia wa kike, lakini iwe asubuhi au usiku namkuta kijana mmoja tu. Nikiuliza dada huyo yuko wapi, najibiwa: "Yupo, katoka kidogo." Hilo ni halali? – Msomaji, Mbagala*

Kama dada huyo "katoka kidogo" mwaka mzima, si halali. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ambayo ni Sura ya 311, haimlazimishi mwenye mtaji awe mfamasia. Mfanyabiashara yeyote anaweza kumiliki famasi, mradi awe na mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi ambaye ndiye msimamizi wa duka hilo. Mfamasia huyo anaingia mkataba na mmiliki, na mkataba huo unawasilishwa Baraza. Kuanzia hapo, dawa ikitolewa vibaya, anayejibu ni yeye kwa jina lake.

Unachokieleza kinaitwa kukodisha cheti. Mmiliki anamlipa mfamasia kiasi fulani kwa mwezi ili cheti kitundikwe, na mfamasia mwenyewe ana ajira yake hospitalini, pengine hata mkoa mwingine. Anapita mara moja moja kusaini madaftari, au anakuja mbio akisikia wakaguzi wako mtaani. Baraza limelikemea jambo hili mara nyingi, na mfamasia anayepatikana nalo anaweza kusimamishwa au kufutwa kwenye daftari la wanataaluma. Na ni haki, kwa sababu mgonjwa analipia utaalamu ambao haupo.

Chukua mfano wa mama anayetumia dawa za kifua kikuu. Anaingia dukani kununua vidonge vya uzazi wa mpango, anauziwa, anaondoka. Rifampisini iliyomo kwenye dawa zake za TB inalifanya ini livunje homoni za vidonge hivyo haraka kuliko kawaida, na anaweza kushika mimba akiwa hajaruka hata siku moja. Mfamasia aliyepo kaunta humuuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Swali hilo moja linatosha kumwelekeza kwenye njia nyingine. Muuzaji ambaye hakusomea hajui hata kwamba kuna la kuuliza.

Usimhukumu kijana kabla ya kujua yeye ni nani. Huenda ni fundi dawa sanifu, yaani mwenye stashahada ya famasi, aliyesajiliwa, na huyo anaruhusiwa kutoa dawa chini ya usimamizi wa mfamasia. Angalia ukutani vitu viwili: kibali cha duka, uone kama jina la duka na mahali lilipo ndivyo vilivyo na kama muda wake haujapita, kisha leseni ya mtaalamu, uone jina, namba ya usajili na kama ni ya mwaka huu. Halafu sema kwa upole, "Naomba kuongea na mfamasia." Ukienda mara tatu kwa nyakati tofauti za kazi na mara zote hayupo, andika tarehe na saa, umpelekee mfamasia wa wilaya kwenye halmashauri yenu, au Baraza la Famasi moja kwa moja.

*Kwenye duka la dawa muhimu nilikataliwa amoksilini kwa kuwa sina cheti cha daktari. Hatua ishirini mbele, duka jingine wakaniuzia kapsuli sita bila swali. Nani alikuwa sahihi? – Fundi seremala, Singida*

Wa kwanza, kaka, na ukipita tena mshukuru.

Amoksilini ni dawa ya kuuzwa kwa cheti. Duka la dawa muhimu, ambalo wengi tunaliita DLDM, linaruhusiwa kuwa nayo kwa sababu imo kwenye orodha yake maalumu. Mpango wa maduka haya ulianzia Ruvuma mwaka 2003, ukaenea nchi nzima kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ili watu wa vijijini na pembezoni wapate dawa za lazima bila kusafiri hadi mjini. Mhudumu wake, yaani mtoa dawa, amepitia mafunzo maalumu na amesajiliwa kwa kazi hiyo. Ruhusa yake ina mipaka: auze kilicho kwenye orodha, na kile cha cheti akitoe kwa cheti. Kuchoma sindano, kutundika dripu au kulaza mtu kwenye benchi la nyuma si kazi yake hata kidogo. Ukiona pazia nyuma ya kaunta na chupa ya dripu imening'inia, hapo pameshageuzwa zahanati isiyo na kibali.

Sasa zile kapsuli sita. Kwa mtu mzima dozi ya kawaida ya amoksilini ni miligramu 500 mara tatu kwa siku, na mara nyingi si chini ya siku tano. Kama ulipewa kapsuli za miligramu 250, kila dozi ni kapsuli mbili, kwa hiyo sita zinakwisha siku moja na kwa siku tano zinahitajika 30. Ulichouziwa hakitoshi kuponya maambukizi ya bakteria. Vijidudu dhaifu vinakufa na vyenye uwezo wa kustahimili dawa vinabaki na kuzaliana. Na kama ulikuwa na mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi, hata hizo 30 zisingekusaidia. Kubwa zaidi, hakuna aliyekuuliza kama dawa za jamii ya penisilini, ambamo amoksilini imo, zinakudhuru. Kuna watu kapsuli moja tu inawavimbisha koo.

Ukienda kwa daktari, kagua cheti kabla hujatoka. Kiwe na jina lako, umri, tarehe, jina la dawa lenyewe, nguvu yake kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, kisha jina, cheo na saini ya aliyeandika. Cheti kisicho na idadi ya siku kinamwacha mtoa dawa akikisia, naye anatakiwa kukurudisha kwa aliyeandika.

*Mwanangu ana miaka miwili na kilo 12. Hospitali waliniambia nimpe parasetamoli ya maji mililita 5 mara tatu. Chupa ilipoisha nikanunua nyingine mtaani, nikaambiwa "kijiko kimoja mara tatu". Baada ya siku mbili nikaona chupa ya kwanza imeandikwa 120 mg/5 ml na hii ya pili 250 mg/5 ml. Nimlalamikie nani? – Mama wa mtoto, Morogoro*

Kwanza mtoto. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, isizidi dozi nne kwa saa 24. Kwa kilo 12 ni miligramu 120 hadi 180. Chupa ya kwanza ilimpa 120, sawasawa. Ya pili imempa 250 kila mara, yaani 750 kwa siku, wakati kiwango chake cha juu kwa siku ni 720. Kwa siku mbili, mtoto anayekula na kucheza kwa kawaida hapati madhara. Acha kipimo hicho sasa hivi. Homa ikiwa bado ipo leo ni siku kadhaa, na hapo mpeleke kituoni apimwe malaria badala ya kuongeza chupa. Akiwa anatapika, hataki kula, analegea au macho yanaingia manjano, nenda hospitali leo hii na ubebe chupa zote mbili.

Kosa la duka lilikuwa wapi? Mtoa dawa alitakiwa kuuliza uzito wa mtoto, kusoma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, na kukuandikia kipimo kwa mililita. Kwa chupa hii ya 250 ingekuwa mililita 2.5 hadi 3.5. "Kijiko" si kipimo: cha chai cha nyumba moja hubeba mililita tatu na cha nyumba nyingine saba. Daima dai kikombe kidogo chenye mistari, au sindano ya kunyweshea isiyo na ncha.

Ukitaka kulalamika, usitupe chupa. Piga picha lebo upande wenye nguvu ya dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Tunza risiti. Andika siku, saa na maneno uliyoambiwa ungali unayakumbuka. Malalamiko mengi hufia hapa: chupa ilitupwa, risiti haikuchukuliwa, likabaki neno la mama dhidi ya neno la muuzaji. Barua yako ipeleke kwa mfamasia wa wilaya na nakala Baraza la Famasi, kwa kuwa kosa ni la aliyetoa dawa. Ingekuwa dawa yenyewe ina walakini, kwa mfano imebadilika rangi au ina tarehe mbili tofauti, ungeipeleka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Daktari akikosea kuandika, chombo chake ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya huonya, husimamisha na kufuta usajili. Anayetaka fidia ya fedha huenda mahakamani.

*Nimehitimu stashahada ya famasi. Baba mkubwa anataka kufungua famasi na mimi niwe msimamizi. Nianzie wapi? – Mhitimu, Mbeya*

Stashahada inakufanya uwe fundi dawa sanifu ukishasajiliwa. Usimamizi wa famasi unahitaji mfamasia: shahada ya miaka minne, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha usajili. Wewe unaweza kuajiriwa humo, na baba mkubwa atafute mfamasia wa kweli atakayekaa dukani. Asilipe kodi ya mwaka wala kununua mzigo kabla Baraza halijakagua eneo. Wengi wameanza na rafu na mzigo, eneo likakataliwa, dawa zikakwishia muda stoo.

*Nimenunua vidonge duka binafsi, vimechorwa GOT. Maana yake nini? – Msomaji, Tabora*

Ni alama ya dawa za Serikali ya Tanzania, zinazosambazwa na Bohari ya Dawa, MSD, kwa ajili ya vituo vya umma. Ukizikuta hospitali ya Serikali ni sawa, hata kama umechangia gharama. Zikiwa duka binafsi, zimetoroshwa. Usivirudishe dukani, vipeleke na risiti kwa mganga mkuu wa wilaya au polisi.

*Daktari aliandika dawa ya jina fulani, famasi wakanipa yenye jina jingine wakisema "ni ile ile". Niwaamini? – Mstaafu, Moshi*

Shikamoo mzee. Linganisha vitu vitatu kwenye boksi: jina la dawa yenyewe lililoandikwa chini ya jina la biashara, nguvu kwa miligramu, na umbo, kama ni kidonge cha kawaida au cha kuyeyuka polepole. Vyote vikilingana, na dawa ikiwa imesajiliwa na TMDA, ni ile ile na mara nyingi ni nafuu kwa bei. Mtaalamu anatakiwa kukueleza badiliko hilo kabla hujalipa. Kuna dawa chache ambazo tofauti ndogo ya kiwango mwilini huleta shida: fenitoini ya kifafa, warfarini ya kuzuia damu kuganda, levothairoksini ya tezi ya shingoni. Kama unatumia mojawapo ya hizo, baki na kampuni moja, na ikikosekana zungumza na daktari wako kabla ya kubadilisha.