Mezani au mapajani? Jibu kwa dada wa Shela

Dada, umeuliza hivi: una shilingi elfu 40, watoto watatu wa shule, na wewe mwenyewe unaweka hesabu za oda zako za mikate ya mofa. Wataka kompyuta moja ya nyumbani, isiyotoka nje. Naona karibu wote waliokujibu wamekwambia laptopu. Mimi nasema ya mezani, ila si lile sanduku kubwa la kompyuta. Mwiba huu nimeukanyaga mwenyewe, hapa hapa Langoni, Lamu.

Nilianza na laptopu kwa sababu ile ile waliyokupa wao: stima ikipotea, kazi inaendelea. Mwaka wa kwanza ni kweli, iliendelea saa tatu nzima. Lakini laptopu ya nyumbani hushinda kwenye chaja, na betri inayokaa imejaa huku ina joto huzeeka hata kama huitumii. Mwaka wa tatu stima ikikatika ilizimika nikiwa bado natafuta tochi. Kisha binti yangu akaimwagia chai ya maziwa. Kibodi ya laptopu imelala juu ya bodi yenyewe, ile yenye saketi, kwa hiyo chai haina pengine pa kwenda. Fundi alipoifungua, sukari ilikuwa imenata kwenye bodi kama halua kwenye sinia. Ya mezani ukiimwagia chai unatupa kibodi tu, unanunua nyingine kwa mia kadhaa.

Basi nikanunua sanduku, lile la mtumba kutoka Uingereza. Mashine ina nguvu, sikatai. Shida ni hewa yetu. Feni yake inavuta upepo wa bahari wenye chumvi kutwa kucha, na ulipofika msimu wa kusi asubuhi moja ikakataa kuwaka, inapiga mlio tu. Fundi akachomoa waya wa stima, akatoa kipande cha RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, akasugua meno ya kipande hicho kwa raba ya penseli. Raba ikatoka nyeusi. Akakirudisha, mashine ikawaka. Siku hizi nafanya mwenyewe. (Mama yangu naye alikuwa akilifunika sanduku kwa kitambaa cha kufuma, liko moto linafanya kazi, ati lisiingie vumbi. Kumkataza ilikuwa kazi ngumu kuliko kutoa chumvi.)

La pili ni stima. Diski ya zamani, ile inayozunguka, haipendi kukatiwa umeme ghafla. Yangu ilikufa na picha za harusi ya ndugu yangu ndani. Nikaweka UPS ya 650VA, yaani betri ya akiba ya kompyuta. Kwa sanduku na skrini ilinipa dakika kumi hivi, za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu.

Sasa natumia kompyuta ndogo ya mezani, ile ya unene wa kitabu, nayo pia ni ya mtumba. Chaja yake ni ya wati 65, sawa na ya laptopu, kwa hiyo UPS ile ile inaivumilia muda mrefu zaidi. Imo ndani ya kidaka ukutani, mbali na vikombe, na ndani nimeweka SSD badala ya diski inayozunguka. Skrini ni ya inchi 22, watoto wawili wanasoma pamoja bila kusukumana.

Ukinunua, angalia prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-6500 ni cha 6. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa "zote ni i5, ni moja tu". Si moja. Angalia pia tundu za nyuma za kuunganishia skrini, maana nyingi ya hizi ndogo zina DisplayPort na skrini za zamani zina VGA, utahitaji kiunganishi. Na uliza kama ina Wi-Fi ndani, nyingi hazina. Hata ikiwa nayo, kuta zetu za matumbawe zinameza mawimbi: ruta yangu iko ukumbini, chumba cha ndani hakipati kitu, nikaishia kupitisha waya juu ya mlango.

Kama mumeo anasafiri na kazi au mtoto yuko bweni, hapo chukua laptopu na usinisikilize.

Skrini ikifika Mokowe, gati ya upande wa bara, usiiache ikapangwa mbele ya boti na magunia. Yangu niliizungushia leso mbili na mfuko wa plastiki, nikaipakata mwenyewe hadi gatini, boti ya asubuhi kabla upepo haujaamka. Punda niliyemkodi aliibeba ile kompyuta. Skrini sikumpa.